Mwamuzi akiitwa mezani: namna ya kujibu maswali ya kanuni kwenye mashindano ya kadi

Mkono unapanda katikati ya ukumbi, sauti inaita "Mwamuzi!", na ukifika watu wawili wanakukodolea macho kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji la uso wako. Hapo ndipo karibu kila mwamuzi mpya anapoteleza: anaanza kuitafuta kanuni kichwani kabla hajajua kilichotokea mezani. Mimi nimetoa maamuzi mabovu kadhaa, na nikiyapanga foleni, machache sana yalitokana na kutojua kanuni. Kanuni niliijua. Nilichokosea ni kuitumia kwenye tukio ambalo halikutokea, au kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Nitafuata mfano wa Magic: The Gathering, mchezo uliotoka mwaka 1993, kwa kuwa nyaraka zake za uamuzi zimeandikwa kwa kina na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Kama mchezo wenu ni Pokémon au Yu-Gi-Oh!, nyaraka ni nyingine na adhabu ni nyingine, lakini kazi ya mezani ni ileile.

Tukubaliane maneno kwanza. Gemu ni mchezo mmoja. Mechi ni shughuli nzima ya watu wawili, ambayo kwa kawaida huenda kwa anayeshinda gemu 2 kati ya 3. Uhai ni pointi za mchezaji, na kila mmoja huanza na 20. Ardhi ni kadi za kulipia uchawi; ukiitumia unailaza. Maktaba ni rundo unalovuta kadi. Makaburini ndiko zinakolazwa kadi zilizokwisha kazi na viumbe waliokufa. Staki ni mahali uchawi unaposubiri zamu ya kutimia, na ulioingia mwisho ndio unaotoka kwanza.

Kabla ya raundi ya kwanza

Nyaraka za kuwa nazo ni tatu. Kanuni Kamili za mchezo, zenye zaidi ya kurasa 200, zinaeleza kadi zinavyofanya kazi. Kanuni za Mashindano zinahusu muda, rufaa, na nani ana haki ya kujua nini. Mwongozo wa Makosa na Adhabu hutumika kuanzia ngazi ya ushindani kwenda juu. Mashindano ya kawaida ya kirafiki yana waraka wake mfupi, ambao unataka zaidi ufundishe kuliko uadhibu. Jua uko ngazi gani. Nimewaona waamuzi wakitembeza maonyo kwenye meza za watoto wanaojifunza, na siyo sura nzuri.

Usijaribu kuzikariri kurasa zote hizo. Kinachotakiwa ni kujua pa kufungua kwenye Kanuni Kamili: 601 ni namna ya kutoa uchawi, 603 ni uwezo unaojifyatua wenyewe, 608 ni jinsi uchawi unavyotimia, 613 ni tabaka za athari zinazodumu, 614 ni athari zinazobadilisha tukio kabla halijatokea, 704 ni ule ukaguzi wa hali ambao gemu hujifanyia. Na mbili za mwanzo kabisa: 101.1, kwamba maneno ya kadi yakigongana na kanuni, kadi inashinda; na 101.2, kwamba kadi moja ikisema "inaweza" na nyingine "haiwezi", inayokataza ndiyo inayoshinda. Hizi mbili zitakutoa kwenye matatizo mengi kuliko unavyodhani.

Mfukoni weka kalamu, kijitabu na simu yenye chaji. Simu ni ya kusomea maneno rasmi ya kadi, yanayoitwa Oracle. Kadi iliyochapwa zamani, au kwa lugha usiyoisoma, huhesabiwa kuwa imeandikwa maneno ya Oracle, hata kama karatasi yenyewe inasema vingine.

Kisha muulize mwamuzi mkuu mambo mawili: nikitaka kurudisha gemu nyuma nikuite, au umenipa ruhusa? Na muda wa nyongeza tunauandika wapi? Uliza mapema, maana katikati ya raundi hutampata.

Ukifika: saa kwanza, maneno baadaye

Tazama saa ya raundi na uandike dakika zilizobaki. Ni jambo la sekunde 2 na kila mtu hulisahau. Ukisimamisha mechi kwa zaidi ya dakika 1, wachezaji wanastahili kurudishiwa muda huo, na hutajua ni kiasi gani kama hukuangalia ulipoingia.

Waambie wasiguse kitu. Watu wana tabia ya kupanga kadi huku wakisimulia, na katika kupanga huko ushahidi hupotea: ardhi iliyokuwa imelazwa sasa imesimama, kadi iliyokuwa juu ya makaburi sasa iko chini. "Habari zenu, naomba tuache kila kitu kilipo." Inatosha.

Sikiliza pande zote mbili

Mwanzie aliyeita. Mwache amalize, kisha mgeukie mwenzake: "Na wewe uliona hivyo hivyo?" Wakiingiliana, simamisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mchezaji wa kadi hali kadhalika. Si lazima awe mwongo, ila amekuwa akiifikiria gemu kwa upande wake kwa nusu saa nzima. Ninachotafuta hapo ni mstari kati ya wanayokubaliana na wanayobishania. Mara nyingi wanakubaliana karibu kila kitu isipokuwa jambo dogo moja, na jambo hilo dogo ndilo uamuzi wenyewe.

Maelezo yakikaribia kufichua kadi za mkononi, mchukue mchezaji pembeni umsikilize huko. Mpinzani hana haki ya kujua kuwa mtu anauliza kuhusu kadi ambayo bado hajaicheza.

Halafu angalia mwenyewe. Hesabu ardhi zilizotumika. Pekua makaburi. Tazama karatasi wanazoandikia uhai. Mzozo wa uhai ni wa kila siku: mmoja ameandika mpinzani ana 11, mpinzani anasema ana 14. Wala usianze kwa kuuliza nani mkweli. Weka karatasi mbili kando kwa kando, anza kwenye 20, shuka namba kwa namba hadi zinapoachana, kisha muulize aliyeandika tofauti: hapa palitokea nini? Tofauti ya 3 mara nyingi ina jina, kama Lightning Bolt, kadi ya madhara 3, ambayo mmoja aliiandika na mwingine akasahau, na iko palepale makaburini ikikusubiri. Wakishindwa kabisa kukubaliana, utaamua kwa kile kinachoelekea kuwa kweli zaidi. Kusema "siwezi kujua" hakuruhusiwi; ndiyo maana wamekuita.

Ni swali la aina gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo waamuzi wanaojua kanuni vizuri wanapoharibu mechi za watu.

Chukua Tarmogoyf, kadi ya kiumbe. Nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizomo kwenye makaburi yote, na uimara wake, yaani madhara yanayotosha kumuua, ni idadi hiyo ukijumlisha 1. Tuseme makaburini, pande zote mbili, kuna kiumbe mmoja na ardhi moja tu. Aina 2, kwa hiyo Tarmogoyf ni 2 kwa 3. Mchezaji wa kushoto anatoa Lightning Bolt, ambayo ni uchawi wa papo hapo wenye madhara 3, anamlenga Tarmogoyf wa mwenzake, na mkono unapanda: amekufa au hajakufa?

Hesabu ya haraka inasema amekufa: madhara 3, uimara 3. Sasa ifuate hatua kwa hatua. Bolt inatimia na kutoa madhara yake. Jambo la mwisho katika kutimia kwake ni yenyewe kwenda makaburini. Inapotua huko, aina zinakuwa 3: kiumbe, ardhi, na uchawi wa papo hapo. Tarmogoyf sasa ni 3 kwa 4. Ni baada ya hapo tu, kabla mchezaji yeyote hajapata nafasi ya kutenda tena, ndipo ukaguzi wa kanuni ya 704 unapopita ukiuliza nani ana madhara yanayofikia uimara wake. Ana madhara 3, uimara 4. Yuko hai.

Badilisha kitu kimoja. Makaburini kuna ardhi na uchawi wa papo hapo uliotumika zamani. Bado ni aina 2, bado ni 2 kwa 3. Bolt inatimia, inaingia makaburini, lakini aina yake ilikuwepo tayari. Aina zinabaki 2, uimara 3, na Tarmogoyf anakufa. Kadi moja iliyofunikwa na nyingine ndiyo inayotenganisha majibu haya mawili, ndiyo maana nasisitiza kuyapekua makaburi kwa mkono wako.

Hilo ni swali la kanuni: jambo limekwisha kutokea, wanataka kujua matokeo. Unalijibu lote.

Ila sogeza muda nyuma kidogo. Bolt bado iko mkononi. Mchezaji anakuita pembeni na kukunong'oneza: "Nikimpiga Bolt, atakufa?" Meza ni ileile na kadi ni zilezile, lakini katika ngazi ya ushindani hutakiwi kumjibu. Kanuni za Mashindano zinatofautisha taarifa ambazo mtu anapewa wazi na zile anazotakiwa kuzitafuta kwa akili yake. Ukubwa wa Tarmogoyf ni wa kundi la pili: makaburi yako wazi, ahesabu. Vivyo hivyo idadi ya kadi zilizobaki maktabani. Mpinzani halazimiki kumhesabia, na wewe ndiyo kabisa usimhesabie. Kusema uongo, lakini, ni marufuku kwa kila mtu.

Unachoweza kumjibu ni kanuni ikiwa peke yake. Akiuliza, "Uchawi wa papo hapo huingia makaburini kabla au baada ya ukaguzi wa hali?" mjibu: kabla. Amejua kuuliza, hivyo ana haki ya jibu. Akiuliza atakufa au la, mwambie: "Hilo siwezi kukujibu, lakini naweza kukusomea kadi, au kukueleza kanuni yoyote unayoitaja." Sema hivyo kwa sauti ileile kila mara, iwe jibu ni ndiyo au hapana. Wachezaji wazuri wanasoma uso wa mwamuzi kama wanavyosoma uso wa mpinzani. Siku moja mimi niliguna tu, "Mmh, una uhakika?" na mchezaji akairudisha kadi yake mkononi. Mpinzani aliona kila kitu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika.

Jibu litafute, usilibuni

Soma kadi, hata ile unayoijua. Hasa ile unayoijua. Kisha panga mambo kwa mfuatano: nini kiko kwenye staki, nani ana nafasi ya kutenda, nini kinatimia kwanza. Wanaoanza wanachanganywa sana na mfuatano. Ukitoa Giant Growth ya kumwongezea Grizzly Bears +3/+3, nami nikajibu kwa Lightning Bolt, Bolt yangu inatimia kwanza, dubu wako wa 2 kwa 2 anakufa, na Giant Growth inakosa wa kumlenga. Lakini kama Bolt yangu ndiyo iliyotangulia nawe ukajibu kwa Giant Growth, dubu anakuwa 5 kwa 5 kwanza, anapigwa 3, anaishi. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni moja: nani alimjibu nani?

Kama hujui, mwite mwenzako. Simameni hatua tatu kutoka mezani mshauriane, wachezaji wasisikie mkibishana. Dakika 4 za kutafuta jibu sahihi zinarudishwa kwenye saa. Gemu iliyoharibiwa na jibu la kubahatisha hairudishwi.

Kama ni kosa lililokwisha kufanyika

Hapo una maswali matatu, na yafuate kwa mpangilio huu: ni kosa gani, adhabu yake ni ipi, na gemu inarekebishwaje. Ukianza na la tatu utajikuta unabuni haki yako mwenyewe.

La kawaida ni kuvunja kanuni ya gemu, kwa mfano kulipia uchawi kwa ardhi za rangi isiyo yake. Adhabu ni Onyo. Mpinzani aliyeliacha lipite naye anaweza kupata Onyo, la kutolinda hali ya gemu, ila lake halipandi daraja. Kwa mkosaji, Onyo la 3 la aina ileile siku hiyohiyo linageuka kuwa kupoteza gemu. Ndiyo maana kila Onyo linaandikwa, hata lile unaloliona dogo.

Uwezo unaojifyatua ukisahauliwa, hadithi ni tofauti. Mwenye nao ndiye anayepaswa kuukumbuka. Mpinzani hana wajibu wa kumkumbusha, na wewe unayepita nyuma ya meza usinyooshe kidole. Ukigundulika bado mapema, mpinzani ndiye anayechagua kama uwekwe kwenye staki au uachwe. Kwa kawaida hakuna adhabu, isipokuwa uwezo wenyewe humwumiza mwenyewe, kama ule wa kumpunguzia uhai kila zamu. Hapo anapewa Onyo. Na akiuruka huo kwa makusudi tumeshatoka kwenye kusahau, tumeingia kwenye udanganyifu.

Kadi ya ziada iliyovutwa huwatisha wengi. Mtu amevuta 2 badala ya 1, zimeshachanganyika na za mkononi, hakuna anayejua ipi ni ipi. Suluhisho ni chungu lakini safi: anaufunua mkono wake, mpinzani anachagua kadi 1 miongoni mwa zile ambazo hakuwa akizijua, na hiyo inarudi maktabani na kuchanganywa. Mwenye kosa analipa kwa kuonyesha siri zake, na hakuna atakayevuta mbili "kwa bahati mbaya" akidhani atafaidika.

Halafu kuna kurudisha gemu nyuma. Wachezaji wanalipenda kwa sababu linasikika kama haki. Ni dawa kali, na idhini yake hutoka kwa mwamuzi mkuu. Mnatengua kila hatua kinyumenyume hadi mahali kosa lilipoanzia. Kama kuna kadi isiyojulikana iliyovutwa katikati, kadi 1 ya mkononi huchaguliwa bila kuangaliwa na kurudishwa juu ya maktaba. Kosa la dakika hii, likiwa na hatua moja au mbili juu yake, lirudishe. Zikishapita zamu mbili, watu wameshambuliana, maktaba zimechanganywa na kila mmoja ameshaona mipango ya mwenzake, mara nyingi heri gemu iendelee ilivyo. Mmoja atanung'unika. Mwache anung'unike.

Unapohisi mtu anadanganya

Usimtuhumu. Usitumie neno hilo mezani. Udanganyifu unahitaji mtu awe alijua anavunja kanuni na alitaka kufaidika. Kinachobaki ni uzembe, na wazembe ni wengi kuliko matapeli. Uliza maswali ya kawaida, andika majibu, mwite mwamuzi mkuu. Kumfukuza mtu mashindanoni ni kazi yake, si yako.

Kutamka uamuzi

Jibu kwanza, sababu baadaye, kwa sentensi fupi. "Tarmogoyf hajafa. Bolt iliingia makaburini kabla ya ukaguzi, kwa hiyo alikuwa na uimara 4." Kama kuna Onyo, litaje na mtaje anayelipata. Usiombe msamaha kwa uamuzi sahihi, wala usitoe mhadhara wa tabaka za kanuni ya 613 kwa watu ambao saa yao inakimbia. Akitaka maelezo zaidi, mkaribishe baada ya mechi; mara nyingi hao ndio wanaokuja kuwa waamuzi.

Rufaa ni haki yao, ila lazima wakusikilize hadi mwisho kabla ya kuikata. Mwenye rufaa akisimama, nenda kwa mwamuzi mkuu, umweleze tukio na uamuzi wako mbali na masikio ya wachezaji, kisha mrudi wote mezani naye awasikilize upya. Akiugeuza uamuzi wako, kubali. Usikunje uso, usimpe mchezaji jicho la "mimi nilikuwa upande wako". Mimi rufaa zimeshanigeuza mbele ya watu nisiowajua wala wasionijua, na kesho yake hakuna aliyekumbuka isipokuwa mimi.

Kabla hujaondoka

Rudi kwenye saa. Ulifika zikiwa zimebaki dakika 31, sasa zimebaki 25: waandikie dakika 6 kwenye karatasi ya mechi, wataje wote wawili wakusikie. Andika Onyo kama lilikuwepo, na nani kakosea nini, kwa maneno ambayo mwamuzi wa raundi ya 7 ataelewa bila kukutafuta. Kisha sogea hatua chache, usubiri zamu moja ipite. Wakianza kubishana tena, uko hapo.

Muda wa raundi ukiisha, rudi kwenye meza hiyo mwenyewe, kwa sababu dakika 6 zao ndiyo kwanza zinaanza huku majirani wanainuka, wanavuta viti na kusimuliana walivyoshindwa. Zikiisha nazo, wahesabie zamu 5 za nyongeza kwa sauti. Ile iliyokuwa ikiendelea muda ulipoisha haihesabiwi.